Unga wa Juu, Unga wa Chini

Bi Austra,
ule mkate uliorudishwa Jumanne na mama wa posta
akilalamika kuwa unanuka msonobari,
mkosaji ni mimi.
Sakafu yangu ndiyo dari yako,
na mbao zake zimeachana kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Kuldīga nzima imeganda.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri:
gundi inagoma ndani ya chupa, vidole navyo.
Ningekatia wapi, kama si humu ndani,
juu ya tanuri lako,
ambako nyayo zangu hupata joto la bure?

Nilianza na foronya.
Niliifunga kwa waya kwenye mdomo wa msumeno,
ikavimba kama shavu la mpiga tarumbeta,
kisha ikafyatuka,
na kwa dakika nzima sikuuona mkono wangu mwenyewe.
Ndiyo siku uliyogonga dari kwa koleo la mikate.

Nikanunua mashine ya kufyonza.
Mpira wake mwembamba kama koo la kuku:
kibanzi kimoja tu, ukakabwa,
mashine ikalia, ikalia, ikanyamaza.
Nikatafuta mpira mnene, wa pampu ya kisima cha marehemu Eižens,
nikauchovya mdomo wake katika maji yanayotokota
hadi ukalegea; nikauvisha, ukapoa, ukang'ang'ania.
Vizuri.
Ila vumbi halikuwa limesoma mpango wangu.

Ndipo usiku mmoja nikazima taa za juu,
nikalaza kurunzi sakafuni, mwanga ukitambaa chini chini,
nikakata ubao mmoja polepole
macho yangu yakifuata hewa, mstari nikiuachia mkono.
Miaka thelathini na moja ya useremala, Bi Austra,
sikuwahi kulitazama vumbi likizaliwa!
Meno hupanda kwa mbele yakiubeba unga,
yakauzungusha ndani ya kifuniko,
na panapokuwa na mbao kushoto na kulia
unga hutii, huingia bombani kama kondoo.
Lakini ninapopunguza ukingo tu,
kile kipande chembamba kikidondoka,
ubavu wa msumeno hubaki uchi,
na hapo ndipo unga unapotorokea,
kama wanafunzi kwa dirisha la nyuma.

Kumbe ugonjwa haukutaka nguvu, ulitaka ukuta.
Nimelipasua dumu la maji, lile linaloonyesha ndani,
nikalikunja ubavuni kwa skrubu mbili fupi,
nikajaribu mara kumi kama kinga ya chini
bado inafunguka na kurudi yenyewe.
Vumbi hupanguswa; kidole hakioti tena.
Na kando ya kila ukingo sasa naweka ubao wa kutupwa,
ili meno yasijue kwamba kazi imekwisha.

Sikudanganyi kwamba nimelimaliza.
Nilitandaza shuka jeusi, nikakata mapande arobaini,
nikazoa kilichoanguka kwa kadi ya maktaba:
kijiko cha chai, na kidogo.
Zamani ningezoa bakuli.
Kijiko hicho kinaniudhi. Nakitafuta bado.

Jana nilitaka kukueleza yote haya
ulipopanda ngazi bila hodi, umevaa aproni,
uso umekunjamana kama ukoko.
Hukutaka maelezo.
Ulikwenda moja kwa moja hadi dirishani,
ukapitisha kidole kwenye ukingo,
ukakiinua mbele ya macho yangu.
Cheupe.
Nikafungua kinywa kuomba radhi.
Ukakilamba.
Ukasimama kidogo, ulimi ukipima.
"Huu," ukasema, "ni wangu."

Sote wawili tukatazama nyufa.
Nami nilidhani vumbi hujua kushuka tu.

Kesho alfajiri, kabla hujamimina gunia la kwanza,
usiwashe taa.
Nitashuka na kurunzi.